Farasi Walipokuwa Majirani wa Majengo

Muulize makanga yeyote wa Nairobi barabara ya Racecourse iko wapi, atakuonyesha bila kufikiria. Inatoka upande wa Ngara, inavuka Mto Nairobi, inapita kanisa la St Peter Claver, kisha inapotelea kwenye ule msongamano wa mikokoteni na magunia ya viazi. Sasa muulize farasi wako wapi. Atakutazama kama mtu aliyepigwa na jua. Farasi gani tena? Hapa kuna nyanya, kuna mitumba, kuna bodaboda zinazopanda mpaka pale pa kupita watu. Mbio za farasi ziko Ngong Road, kila mtu anajua, huko kwa wenye pesa zao.

Lakini jina la barabara halikuokotwa. Mbio za kwanza zilizowekwa kwenye kumbukumbu nchini zilifanyika Machakos mwaka 1903. Mwaka uliofuata chama cha wenye farasi, East African Turf Club, kilizileta Nairobi, na uwanja ukawekwa upande wa mashariki wa mji, sehemu tunayoiita leo Kariokor, kuelekea Eastleigh. Zikakaa hapo miaka hamsini, hadi 1954. Kwa hiyo Pumwani ilipoanzishwa rasmi mwanzoni mwa miaka ya 1920, farasi walikuwa wameshazoea mahali. Sisi wa Majengo ndio tuliowakuta.

Ukitoka Digo Road kwa miguu, unapita Gikomba au unakata kwa juu, na kabla jasho halijakauka uko Kariokor. Ni mwendo wa mtoto aliyetumwa chumvi. Nimesoma mengi kuhusu uwanja ule, karibu yote yameandikwa na watu waliokuwa wameketi jukwaani. Nataka kuuangalia kutoka upande mwingine, upande wa mtu aliyeshika kamba.

Mtu huyo anaitwa saisi. Siku hizi neno hilo halisikiki sana mtaani, ila kamusi bado inalo: saisi ni mtunza farasi. Waingereza walilichukua India wakawa wanaliandika syce, wakalitumia Kenya nzima, mpaka leo kwenye mabanda ya Ngong Road na kwenye mashamba ya farasi utalisikia. Asili yake ni Kiarabu, na hapo ndipo linapopendeza. Mzizi uliozaa saisi ndio uliozaa siasa. Kitenzi chenyewe kilihusu kutunza na kuongoza mnyama, hasa farasi, kabla hakijapanda daraja kikawa cha kutawala watu. Kiswahili cha zamani kilikumbuka jambo hilo vizuri zaidi kuliko sisi, kwa sababu siasa iliwahi kumaanisha pia upole na utaratibu. Mtu wa siasa alikuwa mtu anayekwenda na jambo polepole bila kulivuruga. Hata leo tunasema fulani ameshika hatamu za uongozi, na hatamu ni kamba ya farasi. Wanasiasa wetu wanaongea lugha ya banda la farasi, hawajui tu.

Maneno haya yanatuambia kwamba farasi hakuja na Mzungu. Pwani ilimjua zamani. Farasi wenyewe walikuwa wachache, mali ya masultani na matajiri, maana punda ndiye aliyefanya kazi. Binti wa Sayyid Said, Salme, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, anaeleza jinsi watoto wa jumba la Mtoni, Unguja, walivyofundishwa kupanda wanyama tangu wadogo. Baba yake alipotuma merikebu ya Sultana hadi New York mwaka 1840, kati ya zawadi za Rais Van Buren kulikuwa na farasi wawili wa Kiarabu. Rais hakuruhusiwa na sheria kupokea zawadi, basi maskini farasi wakaishia mnadani. Na mtu wa pwani alikuwa na jina kwa kila mwendo wa mnyama: kuna telki, kuna matiti, kuna shoti. Ndiyo, matiti; vijana wacheke wamalize. Kwenda matiti ni ule mwendo wa kurukaruka kati ya kutembea na kukimbia, na kwenda shoti ni kutimua mbio zote. Lijamu ni kile chuma kinachotiwa mdomoni. Kikuku ni pale unapotia mguu ukipanda. Saisi wa Nairobi wa mwaka 1910, awe Msomali, Mnubi, Mkikuyu au Mnyamwezi, angeweza kufanya kazi yake yote asubuhi hadi jioni bila neno moja la Kiingereza.

Bara farasi hakuingia kwa sababu nyingine. Alikuwa anakufa. Mbung'o alimpa nagana, ugonjwa wa kukonda polepole mpaka anabaki mbavu. Mbaya zaidi ni ule ugonjwa unaoitwa tauni ya farasi wa Afrika. Mnyama anaamka mzima, jioni amevimba juu ya macho, usiku povu linamtoka puani, alfajiri umempoteza. Katika farasi wageni, kundi likishikwa, wanaweza kufa tisa kati ya kumi. Aliyepona alikuwa na bei yake, maana watu walijua amekomaa. Miaka mingi hawakujua ugonjwa unaletwa na nini hasa. Walichojua ni kwamba farasi akiachwa nje jua likizama yuko hatarini, kwa hiyo kazi ya saisi ilikuwa kumwingiza bandani mapema, kufunga madirisha, kuwasha moto wa moshi mlangoni. Ni mwaka 1944 tu, huko Onderstepoort, Afrika Kusini, ndipo du Toit alipoonyesha kwamba mchukuzi ni usubi, kale kadudu kadogo kuliko mbu. Wasaisi walikuwa wakimfukuza kwa moshi bila kujua jina lake.

Punda milia haumwi hivyo. Anabeba virusi hivyo na anaendelea kula nyasi. Ndiyo maana daktari mmoja Mgoa, Rosendo Ribeiro, aliyefika Nairobi mwaka 1900, alifuga punda milia akamtandika, akawa anazunguka naye mjini kuona wagonjwa. Picha yake ipo, amekaa juu ya mistari kama vile ni jambo la kawaida kabisa. Ribeiro ndiye aliyetambua tauni ya watu kwenye bazaar mwaka 1902, bazaar ikachomwa moto kwa amri ya serikali. Naona alikuwa ndiye mtu pekee mjini aliyeamua kupanda mnyama wa hapa badala ya kulazimisha wa kwao. Hata hivyo njia yake haikushika. Punda milia hafundishiki kirahisi, na mbio zilihitaji damu ya kizungu.

Kuhusu damu hiyo inabidi tuseme kidogo. Farasi wa mbio, yule thoroughbred, ana kitabu. Ukifuata baba wa baba wa baba yake utafika kwa mmoja wa madume watatu walioingia Uingereza kutoka mashariki kati ya karne ya 17 na ya 18: Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Kila mtoto anaandikwa, mama yake, baba yake, rangi, alama usoni. Farasi aliyeteremshwa Kilindini akapandishwa treni hadi Nairobi alikuwa na ukoo ulioandikwa kwa miaka mia mbili na zaidi. Aliyemteremsha hakuwa na karatasi.

Saisi anaamka kabla ya adhana ya alfajiri. Kitu cha kwanza anaangalia kihori: amemaliza chakula au amebakisha? Farasi aliyebakisha shayiri anakwambia kitu. Tumbo lake ni dogo kwa mwili ule, na hatapiki. Mungu hakumpa njia hiyo. Akila vibaya, anaweza kushikwa na msokoto wa tumbo, anajitupa chini na kugaagaa, na anaweza kufa kabla mwenye mali hajamaliza chai yake. Kwa hiyo analishwa kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Kitu cha pili, saisi anapitisha kiganja kwenye miguu, polepole, kutoka gotini kwenda chini. Anatafuta joto. Mshipa wa nyuma ya mguu ukiwa na joto asubuhi, yule hakimbii leo, na saisi analijua hilo kabla ya mkufunzi, kabla ya daktari, kabla ya mwenye farasi aliyelala Norfolk.

Halafu kwato zinachokolewa tope. Hapa ardhi ya Eastlands inaingia kwenye hadithi. Kila aliyejenga nyumba upande huu anaujua udongo mweusi wa pamba: kiangazi unapasuka na kuwa mgumu kama saruji, masika unanata na kumeza kiatu. Mpige farasi mbio juu ya udongo huo wakati wa kiangazi, mishipa ya miguu inalia. Mpige wakati wa mvua, anateleza. Baada ya kwato ni brashi, kisha tandiko, kisha mazoezi kabla jua halijapanda, na baada ya mazoezi ile kazi ambayo hakuna anayeipiga picha: kumtembeza mnyama taratibu mpaka mapafu yatulie, kumpangusa, kumfunga bendeji, kumpa maji kwa kiasi.

Kumfundisha mdogo ndiko kugumu. Unaanza na kamba ndefu, anazunguka na wewe umesimama katikati, siku nyingi, mpaka ajue sauti yako. Kisha lijamu, aitafune na kuitema mpaka achoke. Kisha blanketi mgongoni, kisha tandiko tupu, kisha kijana mwepesi analala juu yake kwa tumbo kama gunia, hapandi bado, anamzoesha uzito tu. Ukiharakisha siku moja unaharibu mwezi. Hiyo ndiyo siasa kwa maana yake ya zamani.

Agosti 1914 vita vilipofika, walowezi walimiminika Nairobi, kila mmoja na farasi au nyumbu wake na bunduki yake ya kuwindia. Wakaundiwa kikosi, East African Mounted Rifles, wakapiga kambi pale pale uwanjani. Wengine walipaka farasi weupe mistari ya punda milia ili wasionekane mbali. Nadhani Daktari Ribeiro alicheka sana. Novemba 3 walipigana Longido, wakala hasara. Baadaye wapiganaji wakahamishiwa vikosi vingine na farasi wakafa, na kufikia 1917 kikosi kilikuwa karibu kimekwisha.

Waliokuja baada yao waliona makubwa zaidi. Mwaka 1916 Jenerali Smuts alileta wapanda farasi wa Afrika Kusini, akawateremsha kutoka Kilimanjaro kwenda kusini, kufuata Mto Pangani, hadi Morogoro na kuelekea Rufiji. Alikuwa ameingia moja kwa moja kwenye nchi ya mbung'o. Kati ya katikati ya Septemba na katikati ya Novemba mwaka huo walikufa karibu farasi 10,000 na nyumbu wengine 10,000, bila kuhesabu ng'ombe na punda. Miezi miwili tu. Njia zilinuka mizoga.

Mnyama akifa mzigo unabaki. Waswahili husema punda afe, mzigo wa bwana ufike, na safari hii methali ikawa amri ya jeshi. Mzigo ulihamia kichwani kwa mtu. Carrier Corps ilikuwa imeshaanza tangu 1914, lakini baada ya wanyama kufa, na hasa mwaka 1917, ukamataji ulikuwa wa kijiji kwa kijiji. Kutoka Kenya pekee walichukuliwa zaidi ya watu 150,000. Zaidi ya 40,000 hawakurudi, wengi wao wakiuawa na kuhara damu, malaria, baridi ya mapafu na unga ambao haukuiva, wala si risasi. Kambi yao Nairobi ilikuwa upande huohuo wa mji, kando ya uwanja wa mbio. Watu waliisikia Carrier Corps wakaitamka kwa ulimi wao, ikawa Kariokor. Dar es Salaam waliitamka kwa wao, ikawa Kariakoo.

Nikila nyama choma soko la Kariokor jambo hili hunijia. Majina mawili yaliyobaki katika kona hii ya mji, Racecourse na Kariokor, ni farasi na mpagazi. Walikaa jirani kwa sababu wote wawili walikuwa vyombo vya kubebea. Tofauti yao ni daftari.

Usidhani nazungumzia heshima tu. Ni pesa. Wapagazi walikuwa na mishahara, na waliokufa waliacha mishahara haijalipwa. Oscar Watkins, Mwingereza aliyesimamia Carrier Corps, aliendelea kudai kwa miaka kwamba fedha hizo zifike kwa jamaa za marehemu au angalau zitumike kwa faida ya Waafrika. Hazikuwafikia. Kikwazo kimoja kilichotajwa kilikuwa rahisi mno: majina yaliandikwa ovyo. Mtu alikamatwa Nyanza au Ukambani, karani akaandika alichosikia, kijiji kikaandikwa jina la chifu, chifu akaandikwa jina la mlima. Akifa Dodoma, nani atampata mama yake? Mwaka 1928 wakajengewa sanamu mjini, ile iliyoko Kenyatta Avenue. Wanaume watatu wa shaba, na maandishi yanayowaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Jina la mpagazi hata mmoja halimo. Wakati huohuo, umbali wa kutembea, katibu wa mbio alikuwa akichapisha kila wiki ya mashindano jina la farasi, la baba yake, na la mama yake.

Vita vilipokwisha serikali iliamua Waafrika wa Nairobi wakae mahali pamoja. Vijiji vya awali, Mombasa, Maskini, Kaburini, vikavunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, watu wakaletwa Pumwani. Pangani ilistahimili hadi 1939. Wenye nyumba wa Majengo, wengi wao Waislamu na wengi wao wanawake, walijenga kwa udongo na makuti ya madebe, nyumba za vyumba sita na ukumbi katikati. Nyumba ilikuwa yako, ardhi haikuwa yako. Walipangisha vyumba kwa watu waliofanya kazi za mjini: wapishi, maboi, makuli wa reli, polisi, watunza wanyama.

Miaka hiyohiyo ndiyo kipande kilipoanza kuvaliwa shingoni, ndani ya kijisanduku cha bati. Alama za vidole, kabila, jina la mwajiri, mshahara, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuachishwa. Wazee walisema wamefungwa kengele kama mbuzi. Mbuzi ni sawa, lakini nikikitazama kipande naona zaidi hatamu. Anayekishika ndiye anayeamua unakwenda wapi. Na hapa, kwa kejeli ya historia, ndipo saisi alipopata karatasi. Neno syce, limeandikwa kwa mkono wa bwana fulani, kwenye mstari wa kazi.

Mwaka 1926 Pumwani ilipata hospitali ya akina mama, iliyoitwa kwa jina la mke wa gavana, Lady Grigg. Ndiyo hii ambayo nusu ya Nairobi imezaliwa. Mwaka huo pia uwanja wa jirani ulipata mbio ambazo bado zinasimuliwa. Beryl Markham, mzaliwa wa Uingereza aliyekulia Njoro katika mabanda ya baba yake, Clutterbuck, alikuwa mkufunzi wa farasi akiwa bado binti mdogo, mwanamke wa kwanza nchini kupewa leseni hiyo. Kwa mbio za St Leger alikuwa amemwandaa dume mmoja, Wrack, mwenyewe akamwondoa na kumpeleka kwa mkufunzi mwingine. Akabaki na jike anayeitwa Wise Child, mwenye mishipa ya miguu iliyokwisha kuumia. Mpanda farasi alikuwa Sonny Bumpus. Wise Child alimshinda Wrack kwa miguu ile ile, na Markham ameieleza siku hiyo katika kitabu chake cha 1942, West with the Night.

Ninachokithamini katika kitabu hicho ni kwamba saisi yumo. Anaitwa arap Ruta. Walicheza pamoja utotoni Njoro, wakati huo jina lake ni Kibii. Alipotoka jandoni akawa arap Ruta, akarudi kufanya kazi kwa yule aliyekuwa mwenzake na sasa ni bwana wake. Markham anamwandika kwa upendo, anampa maneno, anampa akili. Jinsi mambo yalivyogeuka kati ya watoto wawili waliokuwa wakirushiana mikuki ya mchezo, anagusa na kupita. Lakini soma sura hizo ukijua kazi ya saisi ni nini. Mguu mbovu wa Wise Child ulikuwa ukipapaswa na nani kila alfajiri? Nani alifunga bendeji, nani alikaa macho? Mkufunzi anaamua, kweli, na Markham aliujua mguu wa farasi kuliko wengi. Ila farasi mwenye jeraha hashindi kwa uamuzi. Anashinda kwa mikono ya kila siku. Nasema arap Ruta ana sehemu yake katika St Leger ya 1926, na sitaki ushahidi zaidi ya miguu ya yule jike.

Yeye alipata bahati ya kuwa na rafiki mwandishi. Wengine wa uwanja ule wamebaki kwenye picha, pembeni, kofia mkononi au kanzu nyeupe, mkono mmoja umeshika lijamu. Chini ya picha utasoma jina la farasi.

Kisha 1954. Uwanja mpya ukafunguliwa Ngong Road, magharibi mwa mji, penye miti na hewa, karibu na makazi ya Wazungu. Kariokor ilikuwa imebanwa, nyumba zimekuja kila upande, na ardhi ilihitajika. Hizo ndizo sababu zinazoeleweka, na sisemi zilikuwa za uongo. Lakini angalia kalenda. Aprili 24 mwaka huohuo serikali ilizingira Nairobi kwa askari na polisi zaidi ya 20,000. Wakaiita Operation Anvil. Pumwani, Kariokor, Eastleigh, Bahati, Shauri Moyo, mtaa kwa mtaa, watu walitolewa nje kwa milango kupigwa mateke, wakaketishwa chini wakapitishwa mbele ya gakunia, wale wasaliti waliofunikwa magunia yenye matundu ya macho. Kichwa kikitikiswa, umekwenda. Wakikuyu, Waembu na Wameru zaidi ya 20,000 walikamatwa; walipelekwa Lang'ata kuchujwa, na kutoka hapo Manyani na Mackinnon Road.

Kwa hiyo mwaka mmoja, mtaa mmoja, misafara miwili ilielekea magharibi. Farasi walikwenda Ngong Road, watu walikwenda Lang'ata. Bila shaka katika msafara wa pili walikuwamo watu waliojua kuwahudumia wale wa kwanza. Dharura haikuuliza kama una farasi anayekusubiri asubuhi.

Miaka mingi sasa uwanja wa zamani umejengwa juu. Nyasi zake hakuna. Mnyama wa kazi aliyebaki upande wetu ni punda, na hata yeye amepungua. Ngong Road mbio zinaendelea, wapanda farasi siku hizi ni Wakenya weusi wengi, farasi wanachanjwa dhidi ya ule ugonjwa, na wasaisi bado wanafika alfajiri kupapasa miguu. Kibera haiko mbali na uwanja huo. Farasi walihama Majengo wakaangukia jirani wa aina ileile.

Nunua karatasi ya mbio Jumapili moja usome. Jina la farasi, umri, baba, mama, mwenye mali, mkufunzi, mpanda farasi, uzito wa kubeba, rangi za shati. Nilitafuta safu ya saisi, mbele na nyuma ya karatasi. Haimo.

Basi nina ombi kwa wasomaji wa Eastlands. Katika masanduku ya mabibi zetu, chini ya leso na vyeti vya nikahi, vimebaki vipande vya zamani. Nyumba zinavunjwa, watu wanahamishwa, makaratasi yanatupwa na takataka. Kama babu yako aliwahi kusema alifanya kazi kwa farasi, kitafute. Fungua mstari wa kazi. Ukikuta neno syce, usikitupe. Piga picha pande zote mbili, andika nyuma jina lake kamili kama mlivyomwita nyumbani, na jina la mama yake.